Saratani ya Figo Inapozuka Mahali Pasipotarajiwa: Mwongozo kwa Mgonjwa na Anayemuuguza Mombasa

Ami yangu alitolewa figo la kushoto mwaka 2008, na kwa muda wa miaka 11 hakuna aliyelitaja tena jambo hilo nyumbani kwetu Kibokoni isipokuwa kwa kusema "ile operesheni". Ilipofika mwaka 2019 akaota uvimbe shingoni, upande wa kulia, ukubwa wake kama kungumanga. Watu wa nyumbani wakasema ni rovu, na daktari wa kwanza aliyemwona akaona vivyo hivyo. Alipoulizwa kama aliwahi kufanyiwa upasuaji, ami alijibu kwa ukweli wake wote: "Ndiyo, wa tumbo, zamani." Neno hilo moja, tumbo, lilitupotezea miezi 4. Uvimbe ule haukuwa rovu. Ulikuwa saratani ile ile ya figo, iliyokaa kimya mwilini zaidi ya miaka 10, kisha ikajitokeza kwenye thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya shingo.

Mwongozo huu nimemwandikia yeyote aliyewahi kutolewa figo au sehemu ya figo kwa sababu ya saratani, pamoja na yule anayemshika mkono kwenda naye kliniki. Hauchukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kumsaidia daktari aulize swali sahihi mapema, kwa kuwa katika ugonjwa huu mara nyingi tatizo huwa ni kwamba hakuna aliyeufikiria.

Kwa nini saratani hii husafiri mbali

Saratani ya figo inaposambaa, kwa kawaida huelekea kwenye mapafu, mifupa, tezi za limfu, ini na ubongo. Huko ndiko madaktari hutazama kwanza, na wana haki. Lakini saratani hii ina tabia ambayo nyingine nyingi hazina: inaweza kuzuka karibu popote, na inaweza kungoja miaka 10, hata 20, kabla ya kuonekana.

Asili ya tabia hiyo ni damu. Mafigo mawili, pamoja na udogo wake, hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Aina ya saratani ya figo iliyoenea zaidi, inayoitwa ya seli angavu, kwa kawaida huhusiana na kuharibika kwa jeni iitwayo VHL, ambayo ilitambuliwa mwaka 1993. Jeni hiyo inapoharibika, seli hujiona kana kwamba zimekosa oksijeni hata kama hazijakosa, nazo huanza kuita mishipa mipya ya damu izilishe. Elimu ya namna seli zinavyohisi oksijeni ndiyo iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Ndiyo maana uvimbe wa saratani hii, popote utakapokuwa, hujaa damu, huvuja kwa urahisi, na mara nyingine hupwita chini ya kidole kama mshipa wa shingo.

Njia za kusafiria nazo ni nyingi. Saratani inaweza kuingia ndani ya mshipa wa figo na kupanda kwenye mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, wakati mwingine hadi kwenye chumba cha kulia cha moyo wenyewe. Tena kuna mtandao wa mishipa inayouzunguka uti wa mgongo, aliouelezea Oscar Batson mwaka 1940. Mishipa hiyo haina vali, kwa hiyo damu yake huweza kwenda huku na kurudi kule, mfano wa maji ya mkondo wa Tudor yanapojaa na kupwa. Mbegu ya saratani ikipita njia hiyo hufika kichwani, puani au kwenye mifupa ya mgongo bila kupitia mapafuni. Kwa hiyo picha safi ya kifua haitoshi kusema kwamba mwili mzima u salama.

Sentensi ya kuhifadhi

Mgonjwa na aihifadhi sentensi hii kama anavyohifadhi namba yake ya simu: "Nilitolewa figo la kushoto mwaka 2008 kwa sababu ya saratani." Upande, mwaka, ugonjwa. Aiseme kwa daktari wa meno, wa macho na wa ngozi, kwa mhudumu wa maabara, na hata kwa muuza dawa anapoenda kununua dawa ya maumivu. Asiseme "tumbo", asiseme "operesheni ya zamani", asiseme "nilikuwa na shida ya figo", kwa maana shida ya figo kwa wengi ni mawe au kusafishwa damu.

Najua uzito wa neno lenyewe. Katika nyumba nyingi za Mombasa saratani haitamkwi. Husemwa "ule ugonjwa", na mzee huenda akafichwa jina la kinachomuuma ili asivunjike moyo. Nimeona huruma iliyomo katika kuficha huko, na sikubaliani nayo. Mgonjwa asiyejua jina la ugonjwa wake hawezi kumwambia daktari mwingine baada ya miaka 11, na wale walioficha huenda watakuwa wamesafiri, wamezeeka au wamefariki.

Faili lisilotupwa

Tulipoanza kutafuta karatasi za ami, tulizikuta ndani ya bati la biskuti juu ya kabati, zimekunjwa pamoja na risiti za stima na cheti cha ndoa. Ripoti ya patholojia ilikuwa imeliwa na unyevu pembeni, lakini mstari muhimu ulisomeka. Mstari huo ndio uliobadilisha kila kitu.

Karatasi kubwa kuliko zote ni hiyo ripoti ya patholojia, yaani maelezo ya mtaalamu aliyeikagua nyama ya figo kwa darubini. Humo mna aina ya saratani, ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, daraja la ukali kuanzia 1 hadi 4, na kama ulikuwa umeingia kwenye mshipa au kwenye mafuta yanayozunguka figo. Omba nakala yake kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, usingoje miaka. Uliza pia maabara gani imehifadhi vipande vya nyama, kwa kuwa hutunzwa ndani ya nta na vinaweza kulinganishwa na uvimbe mpya. Picha za CT, yaani eksirei za kompyuta, zichukuliwe kwenye diski, si majibu ya karatasi peke yake, na kila kitu kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haina huruma na karatasi. Piga picha za simu pia na umtumie ndugu mmoja anayeaminika, lakini simu isiwe ghala pekee.

Kuukagua mwili bila kuishi kwa hofu

Vimbe nyingi ambazo mtu huziona mwilini si saratani, na aliyetolewa figo hana sababu ya kulala kila usiku akijipapasa. Ninachopendekeza ni kujikagua kwa utulivu mara moja kwa mwezi, na kuwaeleza watu wachache mambo ya kutazama.

Mmoja wa watu hao ni kinyozi. Ngozi ya kichwa ni mahali ambapo saratani ya figo hupenda kutokea inapohamia kwenye ngozi, na mwenye kichwa hakioni kichwa chake. Mwambie kinyozi wako, na mwanamke amwambie msusi wake, akiona kinundu chekundu au cha zambarau kinachokua kwa majuma machache, au kinachotoa damu nyingi kwa mkwaruzo mdogo wa kitana, asikikwangue wala asikipake dawa, bali akueleze. Kinundu cha namna hiyo hufanana sana na uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara, na ndiyo sababu hata daktari anaweza kukipuuza asipoijua historia.

Shingoni, tazama uvimbe mpya unaopanda na kushuka unapomeza mate, sauti inayokauka bila mafua, au chakula kinachokwama. Tezi ya thairoidi huwa na vinundu visivyo na hatari kwa watu wengi, hasa wanawake, lakini kwa aliyewahi kuugua saratani ya figo kinundu kipya kinastahili kuchomwa sindano na kupimwa, hata kama homoni za tezi ziko sawa katika damu.

Pua nayo ina udanganyifu wake. Wakati wa kaskazi, joto na vumbi vinapozidi, kutokwa na damu puani huonekana jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni damu inayotoka tundu moja tu mara kwa mara, pamoja na kuziba upande huo huo kwa majuma. Saratani ya figo ni miongoni mwa chache za sehemu za chini za mwili zinazojulikana kwa kuhamia kwenye pua na mapango yake. Kinywani, kinundu cha ulimi au cha ufizi kinachovuja damu kila unapopiga mswaki kichukuliwe kwa uzito ule ule.

Mwanaume azingatie mishipa iliyovimba kwenye pumbu upande wa kushoto, ikiwa haipungui anapolala chali. Mshipa wa korodani ya kushoto humwaga damu yake kwenye mshipa wa figo la kushoto, na kizuizi kikitokea huko juu, huku chini hujaa. Mara nyingine hiyo huwa dalili ya kwanza kabisa, hata kabla ya figo lenyewe kugunduliwa. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu ukeni asiseme ni uzee. Ziko sababu nyingi, na saratani ya figo iliyohamia hapo ni mojawapo, ingawa ni nadra.

Yapo yasiyoonekana kwa nje. Kongosho ndilo mfano mkubwa: saratani ya figo ni mojawapo ya zile zinazoongoza kwa kuhamia huko, na mara nyingi haileti dalili yoyote, hugunduliwa kwa picha tu, pengine baada ya miaka mingi. Utumbo unaweza kuvuja damu kidogo kidogo mpaka mtu akaishiwa nguvu, au choo kikawa cheusi kama lami, ingawa vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi. Kibofu cha nyongo, misuli, jicho, na figo la pili pia vimo katika orodha ya mahali ambapo madaktari wameikuta.

Mikono ya mkandaji, kuumikwa, na sindano ya kemisti

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu mambo haya ni ya kwetu na hayamo katika vijitabu vya hospitali.

Mtu akiumwa mgongo Mombasa, jambo la kwanza ni kukandwa kwa mafuta ya simsim au ya nazi, na mkandaji hodari huukalia mgongo kwa goti. Saratani ya figo inapoingia mfupani huula mfupa ukabaki dhaifu, na mfupa wa namna hiyo huvunjika kwa nguvu ndogo. Maumivu ya mgongo, ya nyonga au ya bega yanayomwamsha mgonjwa usiku, yasiyopungua anapopumzika, na yanayozidi kila juma, yapigwe picha kabla ya kukandwa. Kuumikwa ni hivyo hivyo: kinundu chenye damu hakichanjwi wembe wala hakiwekewi chuku, kwa kuwa damu yake huenda isikome kirahisi.

Kombe la zafarani na maji ya waridi sina neno nalo, wala dua; vyote vimewapa watu wa nyumbani kwetu utulivu. Ninachopinga ni kuviacha vichukue nafasi ya miadi ya kliniki.

Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila kemisti kutoka Majengo hadi Likoni, zinaweza kuliumiza figo moja lililobaki. Mwenye figo moja asichomwe sindano hizo wala asimeze vidonge vyake bila idhini ya daktari anayejua hali yake. Mwenye kufunga Ramadhani amwulize daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wakati bado kuna nafasi ya kupima kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na kupanga upya saa za dawa.

Kabla ya picha na kabla ya sindano

Daktari akiandika fomu ya CT, iombe uione. Kwenye sehemu ya historia pawe na maneno yanayosema kwamba mgonjwa aliwahi kutolewa figo kwa saratani. Vinundu vya kongosho vinavyotokana na figo huonekana vizuri zaidi mara tu dawa ya kung'arisha mishipa inapopita, na mpiga picha asiyeijua historia huenda asichukue picha za dakika hiyo ya mwanzo. Kreatinini ipimwe kwanza, na mwenye kisukari anayetumia metifomini aseme mapema.

Wengi huuliza kuhusu PET, picha ya mwili inayopigwa kwa sukari yenye mionzi, wakisikia kwamba kipimo hicho huona kila kitu. Kwa saratani ya figo hakitegemewi sana: sukari yenye mionzi inayotumika hutoka kwa njia ya mkojo, na baadhi ya saratani hizi haziivuti vya kutosha. Kabla familia haijachangisha pesa za kipimo hicho, muulize daktari kitabadilisha nini katika tiba.

Biopsi, yaani kutoa kipande cha uvimbe kipimwe, ndiyo inayokata shauri. Anayechoma sindano ajue mapema kwamba uvimbe unaweza kutoka damu nyingi, na aambiwe dawa zote za kulainisha damu zinazotumiwa, pamoja na aspirini. Kisha fomu inayokwenda maabara iandikwe tena ile historia. Kwa darubini peke yake, seli angavu za figo zikiwa ndani ya thairoidi zinaweza kumchanganya hata mtaalamu. Akiambiwa, ataongeza rangi maalumu za kutofautisha. Sindano ya kwanza ya ami ilirudi na jibu la "damu tupu". Ya pili, yenye ncha nene zaidi, ilipatikana baada ya kupeleka ile ripoti ya bati la biskuti, na jibu likaja baada ya siku 9.

Ikithibitishwa

Kusambaa si lazima kuwe mwisho wa njia. Uvimbe ukiwa mmoja, au vimbe zikiwa chache, na umejitokeza miaka mingi baada ya figo kutolewa, kuukata au kuupiga mionzi iliyolengwa kunaweza kumpa mgonjwa miaka mizuri. Walio na saratani ya figo iliyohamia kongosho, kwa mfano, mara nyingi huishi muda mrefu kuliko wale iliowaingia ini au ubongo. Ami alikatwa nusu ya tezi, na mpaka leo husali msikitini kwa miguu yake.

Tibakemikali ya kawaida haifui dafu mbele ya saratani ya seli angavu. Dawa zinazotumika ni za aina mbili kuu. Zipo zinazozuia mishipa mipya ya damu, kama sunitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Hizi hupandisha presha, huchubua viganja na nyayo, na zinaweza kuilegeza tezi ya thairoidi. Zipo zinazoamsha kinga ya mwili, kama nivolumabu, iliyoidhinishwa huko kwa saratani ya figo mwaka 2015. Anayetumia dawa za kinga akipata kuhara au kikohozi kipya asijinunulie antibiotiki, kwani huenda ni kinga yenyewe inayoshambulia utumbo au mapafu, na tiba yake ni nyingine kabisa. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake unakwenda polepole huenda akaambiwa angojee huku akipigwa picha kila baada ya miezi kadhaa; hiyo nayo ni tiba, si kutelekezwa.

Kuhusu mahali na gharama, anzia Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi wetu bado huiita Makadara, na uombe kuonana na kitengo cha saratani pamoja na daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo. Hakikisha usajili na michango ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, iko sawa kabla tiba haijaanza, na uliza kwa maandishi ni dawa zipi zinalipiwa. Ukitumwa Nairobi, iwe Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwenye maumivu ya mgongo asafiri kwa treni kutoka Miritini badala ya basi la usiku la Mwembe Tayari, kwa kuwa mtikisiko wa barabara si rafiki wa mfupa ulioliwa. Wanaokwenda India wabebe diski na vile vipande vya nta mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Yasiyongoja asubuhi

Kiu isiyokatika, mkojo mwingi, choo kigumu na kuchanganyikiwa akili huweza kumaanisha kalsiamu imepanda kwenye damu. Kwa joto la hapa kiu husingiziwa jua, lakini kipimo chake ni cha damu ya kawaida na majibu hupatikana siku hiyo hiyo.

La haraka zaidi ni uti wa mgongo. Miguu ikilegea ghafla, ganzi ikaingia baina ya mapaja mahali mtu anapokalia baiskeli, au mkojo ukagoma kutoka, saa zinahesabika, kwa maana miguu iliyopooza kabla ya tiba kuanza mara nyingi hairudi. Mlaze mgonjwa chali mahali palipo sawa, asiketishwe wala asipakiwe kwenye tuktuk akiwa amejikunja, itwe ambulensi, na anayemsindikiza achukue ule mfuko wa plastiki. Pale kwenye mlango wa dharura usianze kwa kusema miguu imelegea. Anza na figo, upande, mwaka, na saratani, kisha ndipo useme miguu.